Jumatano ya Bwana Kesho

Mume wangu alizaliwa Jumatano. Sisemi siku ya Jumatano. Siku yenyewe hakuna anayeijua. Alizaliwa mwaka wa Jumatano. Sisi watu wa mifugo wa Isiolo, kabla kalenda za maduka hazijatufikia na picha zake za malori, tuliipa miaka majina ya siku za juma. Mwaka wa Ijumaa, mwaka wa Jumamosi, hivyo hivyo mpaka Alhamisi, halafu unaanza tena na Ijumaa. Ni hesabu safi, haihitaji karatasi wala karani. Ila ina kasoro moja. Baada ya miaka saba Jumatano inarudi na uso uleule, kama mgeni aliyesahau kwamba alishakula kwako.

Kwa hiyo tulikuwa tunaiongezea mtawala. Jumatano ya DC wa mbwa. Jumapili ya yule aliyelia. Mzungu alitoka kwao na sanduku la chuma na kofia ngumu ya kizibo ya kuzuia jua kuja kututawala, nasi tukamtumia kama jiwe la kuonyesha njia. Sidhani aliwahi kujua kwamba kazi yake kubwa huku kwetu, ukiondoa ile ya kukunja uso, ilikuwa kutusaidia kukumbuka mtoto gani ni mkubwa.

Mume wangu, basi, ni wa Jumatano ya Bwana Kesho. Nilimkuta hivyo, nikamwoa hivyo. Ndiyo, nimesema nimemwoa. Yeye ni mtu mnyamavu sana, na kama ningemngoja aseme ningekuwa bado niko Kulamawe nachunga mbuzi wa baba.

Alikuwa mlinzi wa zizi la serikali, pale ng'ombe wa kuuzwa walipofungiwa mpaka daktari wa mifugo aridhike kwamba hawana ugonjwa. Alipoandikwa kazi, karani alimwuliza ulizaliwa lini, naye akajibu kwa heshima zote, "Jumatano." Karani akaandika Jumatano. Serikali ikailalia hiyo Jumatano miaka na mikaka, ikabadilisha bendera, ikabadilisha wimbo, na Jumatano yetu imetulia ndani ya faili.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaja afisa mpya kutoka Kenya. Ndivyo tulivyokuwa tunasema: mtu akitoka Nairobi ametoka Kenya, na sisi tukivuka Nanyuki tunakwenda Kenya, tukirudi tunaulizwa Kenya kukoje. Afisa huyu alikuwa kijana mwenye tai, mcheshi, na alikuwa na ugonjwa wa kufungua mafaili. Akamwita mume wangu.

"Mzee, hapa imeandikwa ulizaliwa Jumatano."

"Ndiyo, afande."

"Jumatano gani?"

"Ile ya Bwana Kesho."

Afisa akatazama kalenda ukutani. "Mzee wangu, leo ni Jumanne. Kwamba kesho ni Jumatano nakubali, hatubishani. Nauliza ulizaliwa lini."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ya afisa ikaota ngozi. Mwishowe kijana akasema maneno yaliyoingia nyumbani kwetu kama nyoka: mtu akifika miaka hamsini na mitano serikali inampumzisha, na yeye, kwa kumtazama tu, anamkadiria mume wangu miaka sitini na ushee. Hilo halikuwa kosa lake peke yake. Jua la Isiolo likikutazama vizuri asubuhi moja, jioni unaitwa babu. Lakini afisa hakuwa mtu mbaya. Akampa juma moja alete mzee wa kumshuhudia umri.

Sasa elewa hiyo kazi ilikuwa nini. Ilikuwa mshahara, ndiyo, lakini pia ilikuwa nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa serikali, na nje ya mlango bomba la maji. Bomba! Isiolo! Wanawake wa mtaa wa Bulla Pesa walikuwa wananiamkia shikamoo kwa sababu ya lile bomba, wengine wamenizidi umri. Na langoni nilikuwa na kibanda changu cha chai, ambapo madereva wa malori ya ng'ombe walikunywa chai ya maziwa ya ngamia na kunidanganya kwamba hakuna mwingine kama mimi mpaka Mombasa. Mume akistaafishwa, nyumba inakwenda, bomba linakwenda, na chai inakwenda. Ikiwa Jumatano ile ni ya zamani, ametimiza hamsini na mitano na safari imekwisha. Ikiwa ni ile iliyofuata, ana arobaini na minane, na tuna miaka saba mingine ya maji mlangoni.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa nimehitimu ngumbaru. Jioni baada ya magharibi tulikuwa tunakusanyika katika darasa la watoto, sisi watu wazima, magoti yamegonga midomo kwa udogo wa madawati, na nilikuwa nimesoma mpaka mwalimu akaishiwa na cha kunifundisha. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu, na mwalimu hakuwahi kukanusha hadharani. Nikamwendea nikamwuliza: mwaka wa Jumatano wa Bwana Kesho, kwa kalenda ya Wazungu, ni mwaka gani?

"Hakuna mwaka unaoitwa Jumatano," akasema. "Historia ni magavana na sheria zao."

"Na Bwana Kesho?"

"Hakuna gavana aliyeitwa Kesho."

Nikajua elimu imefika mpaka wake. Nikarudi nyumbani kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu tuliishi naye. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita ngamia, na mwaka ule wa Jumatano alikuwa anausimulia kila mvua ikichelewa. Alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo aliishi mtaa wa Wabera, naye alikuwa na mwana, dereva wa serikali katika ofisi ileile ya yule afisa. Hao wake wenza wawili walikuwa wanasalimiana vizuri, wanapelekeana maziwa, wanaulizana hali ya miguu. Jambo moja tu halikuguswa: nani alizaa kwanza. Kwa sababu marehemu mzee alimleta yule wa pili baada ya watu kuanza kunong'ona kwamba yule wa kwanza ni tasa. Mama mkwe alisema alikuwa tayari amezaa wakati harusi ile inafanyika, na minong'ono ilikuwa ya wivu. Mke mdogo hakusema kitu. Alikuwa ananyamaza kwa namna ambayo ungetamani aseme.

"Mama," nikamwambia, "nieleze mwaka ule tena. Polepole. Mtawala alikuwa nani?"

"Intala," akasema, maana aliniita binti mpaka nilipoota mvi, "kwani hujui? Bwana Kesho."

Huyu Bwana Kesho alikuwa DC aliyejifunza neno moja la Kiswahili akaona linatosha. Watu wakienda kuomba ruhusa ya kuvusha ng'ombe kwenye malisho, maana ilikuwa huwezi kumfuata ng'ombe wako mwenyewe bila karatasi ya Mzungu: kesho. Kisima kimebomoka: kesho. Simba amekula askari: kesho. Alipenda mchezo mmoja, ule wa kupigana na mpira kwa kikaango chenye nyavu. Akaamrisha kiwanja kitengenezwe kwa udongo wa kichuguu, na kila asubuhi wafungwa walikimwagia maji kisitoe vumbi, huku ng'ombe wa watu wamesimama kwa mbali, ndimi nje, wanatazama uwanja ukinyweshwa. Mama mkwe alisema kuna fahali mmoja mzee alijifunza kucheza kwa kutazama tu. Hapo sasa sijui.

Mwaka huohuo ikasemwa gavana anakuja. Bwana Kesho akapatwa na wazimu wa chokaa. Mawe ya barabarani yakapakwa. Miti ikapakwa mpaka kiunoni. Kila kisichotembea kikapakwa chokaa, halafu vinavyotembea polepole. Punda wa mchota maji alipakwa ubavu mmoja, ule ambao ungeonekana na gavana. Mzee mmoja aliyelala kivulini aliamka akiwa na mguu mweupe, akaenda msikitini kuuliza kama ni dalili ya kifo.

Gavana akaja. Wazee walikuwa wamepanga maneno yao vizuri: malisho, kisima, karatasi. Wakayasema yote, mmoja mmoja, jua kali. Mkalimani akamgeukia gavana akasema kwa Kizungu kitu kifupi kama kikohozi. Gavana akatabasamu. Baadaye wazee wakamkamata mkalimani shingo: ulimwambia nini? Akasema, "Nimemwambia mnamshukuru." Kisha gavana akasimulia habari za mfalme wake, na mkalimani akatafsiri: "Anasema ana mfalme, na anawasalimu." Wazee walikuwa wamemwona huyo mfalme kwenye shilingi, kichwa bila mwili. Mmoja akauliza aliyemkata ni nani, na kama ndiye anayetawala sasa. Hilo halikutafsiriwa.

Pia mwaka ule, mama mkwe akaendelea, ikatoka amri ngamia wote wapite kushoto mwa barabara. Ngamia walisomewa amri. Na mwaka ule akachaguliwa yule chifu kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na viatu. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto, lakini Mzungu alikuwa anatazama kutoka juu ya farasi.

"Basi Bwana Kesho akawa mkali," akasema, "akampiga teke chifu mbele ya watu."

Nikasimama hapo. "Mama, huyu wa kesho kesho, mvivu wa kiwanja, tena akawa mkali?"

"Huyo mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Bwana Kesho mwingine."

Ndipo niliposhika kichwa. Kumbe yule wa kwanza alipoondoka akaja wa pili, na watu wetu, watu wa adabu, walidhani Bwana Kesho ni cheo. Kama vile chifu ni chifu na liwali ni liwali, basi mkuu wa Wazungu ni Bwana Kesho. Wakamsalimia hivyo siku ya kwanza, mamia ya watu kwa sauti moja: "Jambo, Bwana Kesho!" Maskini, huyu alikuwa mchapakazi, mrefu kama mlingoti, haahirishi kitu. Alidhani anatukanwa. Akawapiga watu faini, na kadiri alivyowapiga ndivyo walivyomwita kwa heshima zaidi. Ndiye wa ngamia na viatu. Wa kwanza, yule mfupi, ndiye wa kiwanja na chokaa. Kati yao miaka saba, Jumatano mpaka Jumatano, na mama mkwe alikuwa ameishona pamoja kama blanketi la viraka, akalala chini yake maisha yake yote.

"Sasa mume wangu ni wa Bwana Kesho yupi?"

Akanitazama kama niliyeuliza bei ya msikiti. "Wa Jumatano," akasema, akageukia ukutani.

Siku ya ushahidi tulikwenda wote watatu. Mume wangu alivaa koti la kazi lililopigwa pasi mpaka likakaribia kuungua. Mama mkwe alijifunga shuka jipya. Afisa alitupokea vizuri, akamwita mama, akamwekea kiti. Nyuma yake kulikuwa na ubao mkubwa wa mbao uliong'arishwa, umeandikwa majina ya ma-DC wote tangu Mzungu wa kwanza, kwa rangi ya dhahabu, pamoja na miaka yao.

"Mama, nitasoma," akasema, "na wewe ukisikia yule aliyekuwepo huyu mwanao alipozaliwa, niambie."

Akasoma. Lilikuwa jina moja la kukwaruza koo baada ya jingine, mengine na majina mawili yaliyofungwa kwa kistari kama ng'ombe wa kulima. Mama mkwe alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Hawa wote siwajui," akasema. "Hawa hawakukaa hapa."

"Mama, hawa ndio walitawala."

"Walitawala wapi? Hapa alikuwa Bwana Kesho."

Afisa akacheka. Kisha nikamweleza jambo la Kesho wawili, na chokaa, na ngamia, na kichwa cha mfalme, na kijana yule akacheka mpaka akalegeza tai, akafuta macho kwa faili la mtu. Nikaona tumempata. Mtu akishacheka nawe hivyo hawezi kukunyang'anya bomba.

"Mama," akasema kwa upole, "mimi nataka kuwasaidia. Sahau ubao. Niambie tu, wakati unajifungua huyu mzee hapa, Bwana Kesho alikuwa mfupi au mrefu?"

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa natazama mdomo wa mama mkwe, na wallahi sikuwa nimemfundisha neno. Nilikuwa nimeomba tu, na kuomba si dhambi.

"Mrefu," akasema mama mkwe. "Mrefu sana. Akipita mlangoni anainama."

Roho yangu ikapanda juu ya mabati, ikacheza, ikashuka. Afisa akachukua kalamu. Akaanza kuandika, na angeandika akamaliza, na leo ningekuwa nasimulia mambo ya furaha, kama asingekuwa mtu mwema. Lakini watu wema hawawezi kunyamaza.

"Vizuri," akasema huku akiandika. "Kwa hiyo ana arobaini na minane. Ndiyo kusema yule dereva wangu, mwana wa mama mwingine, ndiye kaka yake mkubwa. Yeye ana hamsini na mbili, kitambulisho chake nakijua. Nitamtania leo, nimwambie amsaidie mdogo wake."

Mama mkwe hakusogea. Shingo tu ndiyo iliyogeuka, polepole.

"Nani mdogo?"

"Huyu, mama. Huyu wako."

"Wangu mdogo?"

"Kwa miaka minne hivi. Si kitu."

Nikamgusa mkono. Ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. "Mama," nikanong'ona, "ni hesabu tu ya ofisi."

"Hesabu!" Akasimama. Ile sauti ya kuita ngamia ikatoka yote, na karani wa chumba cha pili akachungulia. "Wewe mtoto wa Kenya, andika hivi. Yule alikuwa mfupi! Mfupi kama kinu! Nilisema mrefu nilisahau. Chokaa ilikuwa kwenye mikono yangu nikizaa, kwa sababu hata wanawake wenye mimba walipewa brashi, na huyu mtoto alitoka tukampaka na chokaa pia bila kutaka. Nyumba ya huyo mwanamke ilikuwa haijajengwa. Kuku wake walikuwa hawajanunuliwa! Waliosema mimi ni tasa wote wamekufa, na mimi nipo. Andika mfupi!"

"Mama," afisa akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko tena, "nikiandika mfupi, huyu anatoka kazini. Unaelewa? Ametimiza. Mnatoka na kwenye nyumba."

"Andika."

Afisa akamtazama mume wangu. "Mzee, wewe unasemaje?"

Mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili zikifuatana, akainua macho akamtazama mama yake. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, kidevu juu, anatetemeka kama kamba ya hema wakati wa upepo. Miaka yote ile ya kupelekeana maziwa na kuulizana hali ya miguu ilikuwa imesimama naye.

"Mama alikuwepo," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo."

Basi afisa akaandika mfupi.

Tukahama kabla mwezi haujaisha. Mkokoteni wa punda, vitanda viwili, sufuria zangu za chai zikigongana njia nzima kama zinanicheka. Tulipata chumba Bulla Pesa, kimoja, na maji ya kununua kwa mtungi. Wale waliokuwa wananiamkia shikamoo waliacha siku ileile. Adabu yao, kumbe, ilikuwa ya bomba. Mama mkwe yeye alitembea mbele ya mkokoteni na habari zake, na alimsimamisha kila mtu aliyemjua, na wengine asiowajua: serikali imethibitisha, mwanangu ndiye mkubwa, imeandikwa. Mtu angedhani tumepewa cheo.

Mke mdogo alikuja kutusalimia kutoka Wabera, na kibuyu cha maziwa, kama ada. Akakaa, akauliza hali ya miguu. Akatazama chumba, akatazama mtungi, akamtazama mume wangu aliyekuwa amekaa mlangoni bila koti.

"Nimesikia," akasema taratibu. "Hongera, dada. Wako ndiye mkubwa." Akanywa chai kidogo. "Wangu, alhamdulillahi, bado ana kazi."

Nikafikiri, leo ndiyo leo, kibuyu kitapasuka juu ya kichwa cha mtu. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu vizuri hivyo, si kabla wala si baada.

"Mwache afanye," akasema. "Bado mtoto."